Aliyeona, Aliyeng'atwa na Aliyebweka

Hapo zamani, na sisemi zile zamani za wanyama kuongea, nasema juzijuzi tu, babu zenu walipokuwa bado na meno yote na hawajaanza kutudanganya kuhusu ujana wao, alikuwako mwanamke mmoja huko milimani Upare, jina lake Nakiete. Kaeni vizuri. Mwishoni nitawauliza swali, na asiyesikiliza nitamjua kwa macho yake.

Nakiete alikuwa mjane. Shamba lake la mahindi lilikuwa la mwisho kabisa. Ukilivuka tu, umeingia msituni. Wenye mashamba ya katikati walipakana na watu, Nakiete alipakana na nyani. Na katika dunia hii alichokuwa nacho cha kupambana na nyani ni mbwa jike mmoja wa rangi ya majivu, jina lake Shaurizao.

Msicheke. Kule kwao jina la mbwa ni salamu. Una jambo na mtu, humwendei mlangoni ukamtukana. Unampa mbwa wako jina, kisha jioni unatoka uani unamwita kwa sauti, na anayehusika anasikia. Huyu anaita, "Wanasema! Wanasema, njoo!" Yule ng'ambo anamwita wake, "Mtachoka! Mtachoka, kula!" Kijiji kizima kinajua nani kagombana na nani. Nakiete alimpa mbwa wake jina lile mwaka aliofiwa na mume, watu walipoanza kumpangia maisha. Yeye alisema ni la majirani. Mama mkwe wake, Bibi Namkunda, aliyekaa nyumba ya pili, aliamini ni lake yeye. Hakuuliza. Alinuna tu, na kununa kwa yule bibi kulikuwa kazi kama kazi nyingine, aliifanya kwa bidii.

Lakini Shaurizao alikuwa mbwa kweli. Nyani wakichungulia tu, anabweka mara mbili kwa ufupi na ya tatu anairefusha, kisha anawafuata mpaka kwenye miti. Msimu kwa msimu Nakiete alivuna, akala, akawapa na wengine.

Basi mwaka huo mahindi yalipoanza kutoa ndevu, asubuhi moja Shaurizao akarudi kutoka msituni anachechemea.

Nakiete aliogopa sana. Alijua hesabu yake vizuri: mbwa akikaa chini, nyani wanashuka, nyani wakishuka, hakuna chakula cha mwaka. Akamwita shemeji yake Mrindoko, mdogo wa marehemu mumewe. Mrindoko alikuwa mwindaji. Kuna watu wana akili, na kuna watu wana uhakika. Yeye alikuwa na vyote viwili, ila uhakika ulikuwa unatangulia kufika.

"Mtembeze nimwone," akasema.

Nakiete akamtembeza uani.

"Mguu wa mbele, wa kushoto," akasema Mrindoko. "Shemeji, tazama kichwa. Kila akikanyaga wa kushoto, kichwa kinainama. Maumivu yanamvuta chini."

Nakiete akatazama. Kweli, akikanyaga wa kushoto, kichwa chini. Kila mtu aliyekuwapo akaona, na kila mtu akasema ndiyo, ni wa kushoto. Mrindoko akaukanda ule mguu kwa mafuta ya kondoo. Alipomaliza, Shaurizao akaketi na kuanza kuulamba.

"Mnaona sasa?" Mrindoko akasema. "Mbwa hulamba panapouma."

Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mbwa hulamba pia penye mafuta ya kondoo.

Akakandwa leo, akakandwa kesho. Hali ikazidi. Mrindoko akasema basi mfupa umeteguka, akachonga vibanzi vya mianzi, akaufunga ule mguu wa kushoto kuanzia vidoleni hadi begani. Loo! Mbwa aliyekuwa akichechemea sasa hakutembea kabisa. Alisimama kidogo, akalala ubavu, akamtazama Nakiete kama mtu anayesubiri aombwe radhi.

Nyani nao hawakuchelewa. Nakiete akahamia shambani na debe lake, anapiga tangu jua linatoka. Nyani wanamjua mwanamke. Walikaa kwenye kingo za shamba wakamsikiliza anavyopiga, kisha wakavunja mahindi mstari wa kwanza, kwa raha zao. Majirani wakaanza maneno: huyo mbwa sasa ni wa kulishwa bure, mpeleke ng'ambo ya mto, si shemeji yako ana mkuki? Nakiete alirudi nyumbani, akakaa karibu na mbwa wake, akalia. Hakuwa mtu wa kulia ovyo.

Bibi Namkunda akamsikia. Alikuwa akipita na mkongojo wake. Yule bibi alianguka ujanani akiwa na mzigo wa kuni, nyonga ikateguka, na tangu hapo akawa anatembea kwa kuyumba. Akasimama mlangoni. Akanuna kidogo, kwa heshima ya desturi. Kisha akasema:

"Mfungue hiyo mianzi."

"Mama, mguu wenyewe…"

"Mfungue. Mlete hapa penye ardhi ngumu, atembee polepole aje kwangu. Usimvute."

Nakiete akamfungua, akamwita. Shaurizao akaja, chechi, chechi. Bibi akatazama mara moja tu.

"Mguu mbaya ni wa kulia," akasema.

Mrindoko, aliyekuwa amefika kumtazama mgonjwa wake, akacheka. "Mama, wewe hukuwapo. Kichwa kinainamia kushoto!"

"Mwanangu, nitazame mimi." Bibi akamkabidhi Nakiete mkongojo, akavuka uwanja peke yake, taratibu, akiuma meno. "Nyonga yangu mbaya ni ipi?"

"Ya kulia. Nani asiyejua?"

"Nikikanyaga kulia, kichwa changu kinafanya nini?"

Wakatazama tena. Bibi alipokanyaga mguu wa kulia, kichwa kiliruka juu. Alipokanyaga wa kushoto, ule mzima, kichwa kilishuka pamoja na mwili wote.

"Panapouma napakwepa," akasema. "Najinyanyua ili nisipalemee. Mzigo wote naushushia ule mguu mzima. Nyie mmekaa mnautibu mguu wa watu uliokuwa unafanya kazi ya miguu miwili, na mkaufunga mianzi juu yake!"

Mrindoko akaangalia chini. Mnajua ni vigumu kiasi gani mwanamume kutazama vibanzi alivyochonga mwenyewe? Lakini naye alikuwa mtu mzima, hakuondoka. Akapiga magoti palepale.

"Shemeji, nipe kipande cha kanga," akasema.

Akamfunga Shaurizao mdomo, maana mbwa anayeumwa hamjui rafiki. Akaanza chini kabisa: kucha moja moja, kisha nyama za wayo, kisha katikati ya vidole, huku mkono wa pili ukigusa mguu wa kushoto kulinganisha. Kati ya vidole viwili vya mguu wa kulia palikuwa na moto, na tundu dogo ambalo manyoya yalilifunika. Akabonyeza, usaha ukatoka. Akabonyeza tena, ncha nyeusi ikachungulia.

Hapo kanga ikateleza. Shaurizao akamng'ata kidole gumba, meno yakazama.

Nanyi mngefanya nini? Mngepiga kelele, mngeuachia mguu. Mrindoko alipiga kelele, hilo sitaficha, walimsikia hadi kisimani. Lakini mguu hakuuachia. Kidole kimo mdomoni mwa mbwa, mkono wa pili unavuta, akavuta, akavuta, ukatoka mwiba mrefu kama nusu ya kidole chenyewe. Ndipo mbwa naye akaachia. Wakakaa wawili hao, kila mmoja akilamba jeraha lake. Nakiete akachemsha maji ya chumvi, yakapoa kiasi, akawaosha wote.

Ningeishia hapa mngesema ni hadithi fupi. Ngojeni.

Bibi Namkunda alikuwa amesema, "Sasa afungwe. Apumzike mpaka jeraha lizibe na mguu uote nguvu. Akikimbia leo, mtarudi mwanzo." Nakiete akamfunga kivulini nyuma ya nyumba, akamtandikia gunia. Kazi ya kumwangalia mbwa akampa mdogo wake wa tumbo moja, Senzia, aliyekuja kumsaidia kulinda shamba.

Senzia alikuwa kijana mtu mzima, mwenye uchumba, ana moyo laini kama ndizi mbivu. Siku ya pili nyani wakaja. Shaurizao aliwasikia, akalia, akavuta kamba, akalia tena. Senzia hakuweza kuvumilia. "Maskini," akasema, "aunyooshe tu kidogo huo mguu." Akalegeza kamba. Mbwa akaruka ukuta wa mawe, akafukuza nyani hadi kwenye miti, akarudi kwa miguu mitatu. Jeraha limechanika, mguu umevimba hadi kiwiko.

Nakiete hakumtukana. Alimwambia tu, "Senzia, mdogo wangu, sasa mimi nitakula nini?" Na maneno hayo yalimuuma Senzia kuliko matusi.

Mbwa akafungwa upya. Lakini tatizo likabaki palepale: kila nyani wakilia, Shaurizao anajitupa kwenye kamba, jeraha halipati nafasi ya kuziba. Haikuwa ukaidi. Ile ilikuwa kazi yake, na alisikia hakuna anayeifanya.

Senzia akakaa, akafikiri. Kisha akaenda shambani, akapanda kwenye dungu, kile kichanja cha kukalia mlinzi, na nyani walipochungulia, akabweka. Mara mbili kwa ufupi, ya tatu akairefusha.

Nyani wakasita. Nyuma ya nyumba, Shaurizao akasimamisha masikio. Akasikiliza. Akabwekewa tena. Akashusha pumzi ndefu, akalaza kichwa juu ya miguu, akasinzia. Zamu imepata mtu.

Basi ikawa ndiyo kazi. Asubuhi Senzia anabweka. Mchana anabweka. Nyani wakizoea, anashuka anawakimbilia kwa miguu na mikono, huku anabweka. Kijiji kilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Wakamwita mbwa wa dada yake. Watoto wakamtupia mfupa. Sauti ikamkauka, akawa anakunywa asali na kuendelea. Na siku moja, nyani wapo ukingoni, wakapita njia ya shambani watu wawili wa heshima: wajomba wa mchumba wake, Nambike, wanakwenda kuulizia habari zake.

"Hodi! Shamba hili la nani?" wakaita.

Senzia angeweza kujibu kama binadamu. Lakini nyani walikuwa wamenyanyua mguu mmoja kuingia. Akawabwekea wakwe zake.

Wale wajomba walirudi kwao bila kuuliza lolote. Uchumba ukasimama. Wakatuma neno: huyo kijana wenu ni mzima? Senzia alipopata habari alikaa juu ya dungu, machozi yakimtoka, na akaendelea kubweka. Hakushuka mpaka mahindi yakakauka.

Chini nyumbani, mguu ulipona polepole, kama inavyotakiwa. Kwanza Nakiete alimtembeza kwa kamba uani tu, kisha hadi kisimani na kurudi, kisha akaongeza kidogo kidogo, hana haraka. Kila asubuhi alimfanya amjie penye ardhi ngumu, akatazama kichwa. Siku kichwa kilipokuja kimetulia, hakiruki wala hakianguki, Nakiete alicheka peke yake kama mwendawazimu. Akamfungua. Shaurizao akapanda shambani mbio, Senzia akashuka kwenye dungu, wakapishana njiani, na wanaosema wawili wale walisalimiana siwabishii.

Mavuno yalikuwa mazuri. Na yule Nambike mwenyewe aliposikia kisa chote, aliwaambia wajomba zake kwamba mwanamume anayekubali kuchekwa na kijiji kwa ajili ya chakula cha dada yake ndiye anamtaka, abweke asibweke. Uchumba ukarudi.

Msimu uliofuata Shaurizao akazaa. Alikuwa ameshazeeka, akazaa mtoto mmoja tu, jike, mwenye masikio meusi na tumbo kama kibuyu. Na hapo ndipo Nakiete alipopata kazi.

Kule kwao mtoto wa mbwa hauzwi. Wala mwenye mama habaki naye, ni aibu. Anapewa mtu aliyemtendea mama yake jema kubwa kuliko wote, na mwenye mbwa ndiye anayeamua, mbele ya watu, mtoto akishaachishwa ziwa. Msiniambie wangengoja uzao mwingine. Mbwa wa umri ule hana uzao mwingine.

Siku ikafika. Nakiete akapika makande, akachinja jogoo. Wakaja wote watatu, bibi, shemeji na mdogo wake, wakala, wakanawa, wakajifuta midomo. Mtoto wa mbwa akawa anatambaa katikati yao akitafuna kamba za viatu.

Bibi Namkunda akaanza, kwa kuwa ni mkubwa. "Mkwe wangu, mimi sina maneno mengi. Mkono usingejua pa kushika bila jicho. Mngeendelea kukanda mguu mzima mpaka mkuki. Niliwaonyesha kwa nyonga yangu mwenyewe, nikatembea bila mkongojo, na nililala kwa maumivu siku ile. Naishi peke yangu, vicheche wanamaliza kuku wangu. Mtoto ni wangu."

"Mama," Mrindoko akasema, "na uliujua lini huo mguu?"

Bibi akatazama mkongojo wake.

"Sema tu, mama."

"Siku ya kwanza," akasema bibi. "Nilimwona akipita. Hakuna aliyeniuliza. Na mbwa mwenyewe jina lake lilikuwa linanitukana kila jioni."

"Siku ya kwanza!" Nakiete akashika kifua. "Mama, lile jina lilikuwa la majirani!"

"Sasa najua," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo.

Mrindoko akanyoosha mbele yao gumba lililopinda. Halikunyooka tena tangu siku ile. "Mimi nilikosea mguu, nimekiri, na vibanzi nimevichoma. Lakini kuona si kutibu. Mama angetazama mpaka leo, mwiba ungekuwa ndani. Nani aliutoa? Nani kidole chake hakishiki tena upinde? Nimeacha kuwinda, shemeji. Sasa nalima, na nguruwe wanakuja kwangu. Nipe mbwa."

"Ulimfunga mguu mzima," bibi akasema. "Ulimwongezea siku za kuumwa."

"Na wewe ulikaa kimya siku hizohizo!"

"Jamani," Nakiete akasema.

Senzia alikuwa bado hajasema. Sauti yake haikurudi vizuri. Ilibaki na mkwaruzo ambao anao hadi kesho. "Dada, mimi nilimharibu. Nililegeza kamba, nisingizie nani? Lakini mwiba ulitoka na mbwa hakupona. Shemeji alivuta mara moja. Bibi alitazama mara moja. Mimi nilibweka tangu ndevu za mahindi hadi mahindi makavu. Mguu haukuponywa na mwiba kutoka, uliponywa na kupumzika, na kupumzika nilimpa mimi. Na tena niliyalinda mahindi. Sasa nakwenda kuoa, nimepewa shamba ukingoni mwa msitu." Akamtazama dada yake. "Mchumba wangu ameniomba nisibweke tena."

Watu wakacheka, hata Bibi Namkunda akacheka. Kisha kicheko kikaisha, na wote wakamgeukia Nakiete.

Nakiete akamwinua yule mtoto, akamshika kifuani. Alikuwa na furaha. Shibe tumboni, mahindi darini, mama yake mtoto huyu amelala mlangoni na miguu minne mizima. Watu hawa watatu aliwapenda, na kila mmoja alikuwa ameshamliza na kumfuta machozi. Akamtazama bibi, akafikiri: bila yeye, mkuki. Akamtazama shemeji, akafikiri: bila yeye, mwiba. Akamtazama mdogo wake, akafikiri: bila yeye, njaa. Akajua pia kwamba mbwa huchechemea tena, huyu au mwingine, na siku hiyo atahitaji jicho, atahitaji mkono, atahitaji sauti, na mmoja tu kati yao ndiye atakayekwenda nyumbani leo na mtoto huyu kwapani. Wawili watarudi mikono mitupu.

Mikono mitatu ikanyooshwa mbele yake: mmoja una mkongojo, mmoja una gumba lililopinda, mmoja mtupu. Nakiete akafumbua mdomo aseme.

Na mimi nafumba wangu. Wewe unayenong'ona hapo nyuma kwamba ni bibi, simama useme kwa sauti, na utueleze zile siku za kunyamaza. Nawe unayemtaka Senzia, tuambie ile kamba aliilegeza nani. Na huyu anayejiona mwindaji kama Mrindoko, asimame naye na vibanzi vyake. Mtoto anatetemeka mikononi mwa Nakiete, watu wanangoja. Je, angempa nani?